Kilo Tisa za Kuni

Jumatano, 12 Novemba 2025, Kaagya. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, lakini ukungu ulikuwa bado umelala migombani na baridi ilipenya sweta.

Avit wa mradi wa majiko banifu alifika kutoka Bukoba mjini. Hakuitikia salamu yangu. Alipima kuni zilizobaki kati ya zile alizozipima wiki iliyopita, akaandika.

"Kilo tisa kwa siku," alisema. "Nyumba hii ilipaswa kutumia nne. Tano unamuuzia nani?"

"Siuzi."

"Basi zinatembea zenyewe."

Klaudia, katibu wa kikundi chetu, alicheka. Alilitaka jiko langu tangu siku nilipopewa na mradi. Lakini ndilo lililoniwezesha mimi kuivisha ndizi mapema na kuwahi darasa la jioni parokiani. Nina miaka hamsini na mbili, na ndiyo kwanza najifunza kugawanya namba.

Niliomba kimoyomoyo nisiseme uongo, kisha nikaeleza. Mama mkwe wangu, Alistidia, ameota moto wa mafiga maisha yake yote. Jiko jipya hufungia joto ndani. Mimi napika, yeye anatetemeka. Kwa hiyo nawasha mafiga pia. Tena, kwa kuwa jiko linakula kidogo, siku hizi tunachemsha maji ya kuoga, watu wote sita. Zamani tulioga ya baridi.

"Mmemsikia?" Klaudia aliwaambia wanakikundi waliokuwa uani. "Wanaoga ya moto kama wako hotelini!"

"Jiko ni la kupikia, si la kumwotesha bibi," Avit alisema. "Tulipima Muleba, nyumbani kwa mfanyakazi mwenzangu."

"Anaishi na nani?"

"Peke yake. Tukazidisha kwa idadi ya watu. Hesabu ni hesabu."

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kando ya mafiga, alimnyooshea fimbo. "Waitu, kijana wetu, na mama yako unampimia moto kwa kilo? Au baridi ilishamuua?"

Avit alikunja uso. Aliwaita wanakikundi, wakaja wote saba.

"Aahidi mbele yenu kwamba mafiga yanazimwa leo. Akikataa, jiko analichukua Klaudia."

Klaudia alikwisha kulishika ukingoni. Nilijua darasa linaniponyoka. Nilifanya ishara ya msalaba.

"Ninyi nyote ni mashahidi," nilisema kwa sauti. "Maadamu Mungu anampa mama huyu pumzi, moto wake sitauzima. Lichukueni."