Kitundu cha Kupumulia cha Gari la Zebedayo

Mzee Tomaso alipanda gari la kaka yangu akiwa amevaa suti nyeupe, akashuka akiwa utambi wa kibatari. Maneno hayo ni yake mwenyewe. Aliyasema sokoni Myamba, kesho yake baada ya Saba Saba ya mwaka 1970, na nikiyakumbuka nacheka hata mahali ambapo sipaswi kucheka.

Suti hiyo aliishonesha kwa ajili ya Uhuru. Tangu hapo alikuwa ameivaa mara nne tu: Uhuru, Jamhuri, ubatizo wa mjukuu, na siku aliyodhani anakufa, kumbe ni tumbo tu limefunga choo.

Kaka yangu Zebedayo alikuwa fundi kwenye karakana ya shamba moja la mkonge huko chini tambarare. Shamba lilipotaifishwa, meneja aliondoka na mbwa wake, akaliacha gari lake la mashindano. Lilikuwa na milango miwili, namba 41 ubavuni, na mlio wa kuwaondoa kuku kwenye mayai. Uongozi mpya ulilitazama, ukaona halibebi katani wala wafanyakazi, ukamwambia Zebedayo alichukue alipeleke mahali ambapo halitaonekana. Akalipandisha Myamba, kijijini kwetu mlimani, ambako lilionekana na kila mtu.

Ugonjwa wake ulikuwa nyuma. Juu ya ekseli ya nyuma kuna kitundu kidogo, kimewekwa ili ekseli ipumue ikipata joto. Cha gari hili hakikupumua, kilitema. Likikimbizwa mlimani, oili iliruka juu, ikapita kwenye sakafu iliyoliwa na kutu, ikamkuta aliyekaa kiti cha nyuma. Na oili ya ekseli si marashi. Inanuka kama yai lililosahauliwa chini ya kuku.

Lingekuwa jambo dogo kama Mzee Tomaso asingekuwa baba yake Koleta. Kaka yangu alikuwa ameshatuma wazee kwenda kumposa, na Mzee alikuwa karibu kukubali, ingawa wao walikuwa Wakatoliki na sisi Walutheri. Ndipo akapewa lifti ya kwenda Saba Saba.

"Shikamoo, Mzee," kaka yangu alimwamkia pale sokoni.

"Marahaba. Simama hapo hapo, usisogee." Mzee alimtazama toka miguuni hadi kichwani. "Jumapili nateremka Same kwenye mkutano wa wajumbe wa vijiji. Utanipeleka wewe. Nitavaa suti ile ile, mke wangu anaifua. Nikifika na tone moja, hata dogo kama jicho la siafu, Koleta ataolewa na Paskali wa Kihurio."

"Paskali ana gari?" mtu mmoja akauliza.

"Ana majaruba ya mpunga. Mpunga hautemei mtu."

Siku hiyo Zebedayo hakula. Mimi nilimjua, alikuwa mtu wa kula hata msibani.

Mjomba wetu Eliezeri, kaka yake mama, alikuwa na dawa ya haraka: tundu linalovuja linazibwa. Alichonga kijiti cha mti wa mbuni, akakigonga kwenye kitundu kwa jiwe, akapangusa mikono kama daktari. Alhamisi tukateremka kuelekea Kisiwani kulijaribu, Mjomba na mimi tukiwa kiti cha nyuma. Halikuja tone. Mjomba akaanzisha pambio.

Tulipofika kona ya pili ya mteremko, Zebedayo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mjomba, acha kuimba. Shika kitu."

Breki za nyuma zilikuwa zimeanza kuteleza. Gari liliyumba kama mlevi anayetoka kwa shemeji yake, likaiacha barabara, likaingia shambani kwa Mama Ernesta na kusimama baada ya mgomba wa tatu. Mwenyewe alikuwa hapo na jembe lake.

"Migomba yangu imewakosea nini?"

"Samahani sana, mama," Zebedayo alisema. "Tulikuwa tunatafuta breki."

"Hazimo humu. Nimepalilia jana."

Zebedayo alivua gurudumu la nyuma, akakuta breki zinaogelea kwenye oili. Kijiti cha Mjomba kiliziba pumzi. Joto lilipozidi, hewa ilikosa pa kutokea, ikaisukuma oili pembeni hadi ikaipasua sili, ile pete ya mpira inayozuia oili mwisho wa ekseli, na kumwagika kwenye breki. Kisha akalala chini, akafungua kizibo cha kujazia oili, kilicho nyuma ya ekseli. Oili ikamwagika kifuani kwake muda mrefu kuliko ilivyostahili. Akakirudisha kizibo, akatoka chini ya gari taratibu.

"Mjomba. Siku ile tulipobadilisha oili, mimi nikaenda kula nikakuachia umalizie. Ulimimina kiasi gani?"

"Mpaka ikajaa."

"Nilikwambia ikifika ukingo wa tundu, uache."

"Ilifika. Nikaona bado kuna nafasi kwa juu. Nikaziba pembeni kwa kitambaa, nikainua mpira wa kumiminia, nikamimina tena."

"Kwa nini?"

Mjomba alimshangaa kwa dhati. "Zebedayo, gari limetoka mbali, linaingia nyumbani kwetu mara ya kwanza. Ningelimiminia pungufu, watu wangesema nini?"

Hapo hakuna aliyeweza kumlaumu. Kwetu mgeni hapewi kibuyu cha dengelua kilichopungua. Pombe lazima imwagike kidogo ukingoni, mgeni aloe vidole. Isipomwagika, umemwambia aondoke. Mjomba alikuwa amelikaribisha gari. Na lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba yetu, pua ikitazama bondeni na makalio juu, kwa hiyo hata ukingo wenyewe ulidanganya. Ekseli ilikuwa imekunywa karibu mara mbili ya kipimo, ikawa inatapika.

Ijumaa Zebedayo alishuka tambarare kutafuta sili. Basi la kurudi likaharibika, akafika Jumapili saa moja na nusu asubuhi, sili ikiwa mfukoni. Misa ya akina Mzee Tomaso ilikuwa inaisha saa nne.

Sili aliifunga pale nyumbani, akazisafisha breki kwa petroli. Ilibaki kupima oili, na oili haipimwi mlimani. Kijijini kwetu kulikuwa na mahali pamoja tu palipo sawa kiasi cha kusimamisha gari: kiwanja cha kanisa letu. Na ibada ilikuwa imeshaanza.

"Nahitaji kitu kimoja kutoka kazini kwako," aliniambia. Nilikuwa msaidizi kwenye zahanati. "Mpira mwembamba, laini, mrefu kama mkono. Nataka pumzi itokee juu ndani ya buti. Oili ikichemka ipande kidogo kwenye mpira, kisha irudi."

Mpira wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu. Tuliutumia kuwaingizia maji ya sabuni watu waliofunga choo. Muuguzi Lukia alikuwa kanisani, anaimba kwaya, kwa hiyo sikuwa na wa kumwomba.

Zebedayo aliupokea, akautazama. "Umeshatumika?"

"Sana."

"Kwa nani?"

"Usiulize. Umechemshwa."

Alilala chini ya gari pale kiwanjani, akafungua kizibo, oili iliyozidi ikaanza kutiririka kwenye sufuria ya mama. Upepo ulikuwa unaelekea kanisani. Tukasikia mahubiri yanapungua kasi, kisha kikohozi, kisha madirisha yakafungwa moja moja. Mwinjilisti Filipo akatoka mlangoni na kanzu yake, akaiona miguu miwili.

"Zebedayo, leo ni Jumapili."

"Najua, Mwinjilisti. Ndiyo maana nimekuja kanisani."

"Uko chini ya gari."

"Kiwanja ni cha kanisa."

"Kinachonuka hivi ni nini?"

"Ukarimu wa Mjomba Eliezeri."

Mwinjilisti alirudi ndani, akatoa baraka. Mahubiri yake ya kawaida yalikuwa ya saa nzima; siku ile hayakufika robo. Washarika walipotoka, kadhaa walimpungia mkono Zebedayo kama watu wanaoaga mfadhili.

Oili iliposimama ukingoni, alifunga kizibo. Akakichokoa kitundu kwa waya mpaka kikapitisha pumzi ya mdomo, akachomeka mpira, akaupitisha ndani ya buti na kuufunga juu kabisa.

Saa nne Mzee Tomaso alikuja na suti yake, nyeupe ya kuumiza macho. Akasisitiza kukaa kiti kile kile cha nyuma. Koleta alikaa mbele, mimi nikakaa pembeni ya Mzee. Tukashika njia ya Same. Kila kilima Zebedayo alikipanda akiwa ameuma mdomo, na Koleta alikuwa akimtazama shingo, si barabara.

Tulipofika stendi, Mzee alishuka, akamgeuzia mgongo mama mmoja aliyekuwa anauza machungwa.

"Mama, nitazame nyuma. Unaona nini?"

"Naona mzee aliyevaa suti."

"Hakuna doa?"

"Hakuna. Geuka tena." Akageuka. "Hakuna."

Mzee alijikagua mikono ya koti. Nadhani alikuwa anamtafuta Paskali moyoni, hampati. Akasema, "Nataka kuona umefanya nini," akafungua buti.

Mpira ulikuwa umening'inia pale juu, rangi yake nyekundu, mwisho wake una kile kichwa cheupe cha kuingizia. Mzee aliuinamia, akainuka. Akaniangalia mimi. Niliitazama milima. Ni mimi niliyeshika ndoo siku ile aliyodhani anakufa.

"Mzee anaufahamu?" Zebedayo aliuliza, bila kujua anauliza nini.

"Hapana," Mzee alisema, akafunga buti kwa mikono miwili. "Leta wazee wako Jumamosi. Na kitu hiki kisizungumzwe, si harusini, si popote."

Hakikuzungumzwa. Mzee Tomaso alifariki zamani, na Zebedayo tulimzika mwaka huu mwezi wa tatu, kwa hiyo sasa naweza kuandika. Gari liko nyuma ya jiko, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Siku ya kuanua matanga Koleta ndiye aliyewamiminia wageni dengelua, na kila kikombe alikiacha kimepungua kidole kimoja. Tangu ile ekseli, kaka yangu aliishi naye miaka yote akitaka hivyo. Mtoto wa Mjomba Eliezeri alikitazama kikombe chake, akanong'ona kwamba tumekuwa wachoyo.

"Kunywa," Koleta alimwambia. "Ukimaliza nitakuongezea."