Tairi la Nyuma, Upande wa Kushoto

Siku tairi la mbele lilipopasuka mteremkoni, gari lilirudi nyumbani kwa kuvutwa, lakini mume hakurudi. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amegombana na mkewe, akaondoka na begi. Msiba ulipokwisha, shemeji aliyafungua matairi matatu yaliyosalia, akayauza. Gari likabaki juu ya mawe.

"Alikuwa ameshakuacha, shemeji," alimwambia mjane. "Usijimalize kwa kulia."

Baadaye gari likapata mnunuzi, ila alilitaka likiwa na miguu. Mjane na shemeji wakaenda pamoja kwenye duka la matairi. Shemeji alizama kwenye rimu zinazong'aa, akizikagua kama anayechagua mchumba. Mjane akaachiwa matairi.

Muuzaji aliviringisha la kwanza sakafuni. Likasema kwa sauti ya mwanamke: "Funga dirisha, mtoto ana mafua." La pili lilikohoa, likaomba maji.

"Haya ni mapya?" mjane aliuliza.

"Mapya kabisa, mama. Yanaongea kidogo mwanzoni. Yakishaonja lami, yanatulia."

Mjane alipitisha kidole kwenye kashata, yale meno ya tairi. Zilikuwa zimechongwa kwa kisu cha moto juu ya tairi kipara, kisha zikapakwa rangi nyeusi. Lile lililopasuka, mumewe alilinunua hapa hapa, likiitwa jipya.

Likaviringishwa jingine.

"Nimegeuza gari, bibie," lilisema kwa sauti ya mumewe. "Zilikuwa hasira tu. Usilale na njaa, nakuja."

Shemeji aliinua uso. "Hilo la nyuma kushoto limechakaa. Achana nalo."

"Nachukua hili."

"Moja? Gari litaruka kwa mguu mmoja?"

Mjane alimgeukia muuzaji. "Yaliyokuja nalo yako wapi?"

"Kayachukua baba mmoja jana. Anasafiri na familia."

Alilipa, akaliviringisha kando ya barabara mpaka kwake. Lilirudia maneno yale yale njia nzima, na watu wakampisha. Alipofika mlangoni kashata zilikuwa zimelika kidogo, na neno "bibie" halikusikika tena.

Gari liliuzwa likiwa na rimu zake zinazong'aa na matairi manne mapya kabisa. Duka lina wateja wengi.

Tairi limeegemea ukuta wa chumbani, upande aliokuwa akilala mume. Mjane huliviringisha Jumapili tu, kutoka kitandani hadi mlangoni.