Kuchagua Mashine ya Bwawa

Mimi kinyaa ninacho, sikatai. Hata unywele ukinata kwenye sabuni siugusi, namwita mtu aje autoe. Sasa nyumba tuliyohamia ina bwawa la kuogelea nyuma, na waliotutangulia waliliacha hivyo hivyo: majani yameoza chini, na juu maji ya kijani yameganda kama uji uliolala. Viluwiluwi wamo. Kwenye kona kulikuwa na kitu kimevimba, kina manyoya. Sikutaka kukijua jina.

Lingekuwa pambo tu ningelizungushia uzio nikalisahau. Lakini mama mkwe alikuwa amepasuliwa goti. Kidonda kilipona vizuri, goti ndilo likawa gumu, na mtaalamu wa mazoezi akasema wazi kwamba mama atembee ndani ya maji kila siku na aanze mapema, maana goti likishakaza halirudi. Ngazi zilikuwa zimemshinda, kwa hiyo akawa analala sebuleni. Dawa zake, mswaki wake, vyote viko kwenye stuli kando ya kochi, na wageni wakija anajifanya kaketi tu. Alichokitaka ni kupanda ngazi akalale chumbani kwake, basi.

Wanawe ni wawili, mume wangu na mdogo wake, na wote tunaishi pamoja. Hawa watu zamani walinunua majokofu mawili kwa siku moja, kila mtu lake, kimya kimya, yakakutana mlangoni. Toka hapo wakawekeana sheria: kitu cha nyumba hakinunuliwi mpaka wote wawili wakubali. Kauli moja, wanasema. Jamani, watu ambao hata chumvi ya mboga hawakubaliani.

Mume wangu alitaka mashine inayotambaa yenyewe chini ya maji, yenye mfuko wake wa uchafu. Shemeji alitaka mpira mrefu wa kufyonza, unaounganishwa na pampu na kusukumwa kwa mkono. Zile zinazotambaa aliziita midoli. Kila Jumamosi walishinda dukani wakipapasa brashi, na muuzaji anasifia kila wanachoshika. Wakirudi wana picha kwenye simu. Mimi nina tonge mkononi, wao wananionyesha ute unavyofyonzwa. Nikasukuma sahani.

Niliwaambia wanunue wavu wa mpini mrefu na brashi, wachote yale majani kwanza, mengine yatafuata. Shemeji akasema huko ni kukurupuka. Nikataka kwenda kununua mwenyewe, mume wangu akanikumbusha majokofu. Mama akiwa pale kochini akasema mchagua jembe si mkulima. Wakacheka, wakadhani anawatania.

Maji yakazidi kuwa mazito. Uvundo ukaingia jikoni, nikawa napika nimefunga kitambaa puani. Mtaalamu alikuja akalikandamiza goti, mama akauma shuka, na yule mtaalamu alipouliza habari ya maji mume wangu akajibu kuwa ni wiki hii hii. Aibu niliiona mimi.

Mwisho wakaafikiana ile ya kutambaa, ila brashi zake achague shemeji. Wakaitumbukiza vile vile, bila kuchota hata jani moja. Ikanguruma, ikazunguka kidogo, ikapanda juu ya lundo la majani, ikazima. Wakaivuta, wakaufungua mfuko pale pale barazani. Ukamwagika ute mweusi, vyura waliosagika, na mkia. Nilitapika palepale, na sioni haya kusema. Wao wakanawa mikono, wakapanda gari, wakarudi dukani kuchagua nyingine.

Mama alisikia gari likiondoka. Akaniita, akaniambia nimpeleke kwenye maji. Nikamwambia mama, yale si maji, ni uchafu mtupu.

"Mwanangu," akasema, "goti halijui maji machafu. Linajua siku zinapita."

Nilichukua reki nikasukuma ule ute mbali na ngazi za bwawa, huku nalia, kinyaa na hasira vimechanganyika. Nikatangulia kuingia. Kitu laini kikapita katikati ya vidole vya miguu, nikafumba macho nikameza mate. Nikamshika mama kiuno, akashuka. Akajaribu kukunja mguu. Akajaribu tena, akaushika kwa mikono miwili akauvuta, jasho linamtoka ndani ya maji ya baridi. Mguu ulibaki umenyooka kama mchi.

"Halitaki," akasema polepole.

Tulikuwa bado mle ndani waliporudi, wamebeba boksi kubwa, mmoja huku mwingine huku, meno yote nje. Mume wangu akasema wamepata, na safari hii hawakubishana hata kidogo.

Mama alilitazama lile boksi. Akajifuta ute mkononi.

"Vizuri wanangu," akasema. "Sasa rudini dukani, mkanichagulie na goti."