Mdomo wa Vestine

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1992, Vestine alitoka misa, akapakua maharagwe na nyama ya mbuzi nyumbani kwao Kimisagara. Mumewe Silvère, fundi wa taipureta, alitafuna pilipili nne nzima bila kutoa hata tone la jasho. Vestine, ambaye hakuwa ameonja chochote, alikimbilia maji.

"Haina kitu," Silvère alisema. "Ongeza."

Akaongeza, naye akazidi kuungua. Jirani yao Gahongayire, muuza viungo sokoni, alisikiliza habari hiyo huku akipepeta giligilani.

"Si mlifunga ndoa kanisani? Padri alisema mwili mmoja. Hakusema mdomo utakuwa wa nani."

Kwa kuwa ndoa ilikuwa halali, Gahongayire alimfundisha kupika. Ukali si ladha, alisema. Anayedai pilipili kila siku mara nyingi anatafuta harufu. Vestine akajifunza kutoa mbegu, kukaanga bizari nyembamba na iliki kabla ya kitunguu, kutia tangawizi baadaye, na karanga za kusaga mwishoni zitulize moto uliobaki. Iliki zisizidi tatu. Ya nne hufanya nyama inukie sabuni. Mwezi mzima Silvère alilamba sahani, na Vestine akapata joto la chai tu.

Kisha Alhamisi moja, saa saba mchana, akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, mdomo wake uliwaka. Alitambua mafuta ya mbuzi, pilipili pamoja na mbegu zake, na karafuu za mtu asiye na kipimo. Sauti yake ilipanda juu ya wenzake wote. Mwalimu wa kwaya alimpongeza. Alhamisi ya pili alimpongeza tena.

Ya tatu, Vestine alipanda basi hadi Gisimenti, ambako Silvère alisema anatengeneza taipureta ya ofisi. Kadiri alivyokwenda, ulimi ulizidi kuwaka. Mbele ya mlango wa kijani machozi yalimtoka, akabisha hodi.

Silvère alikuwa mezani, amevaa fulana na kandambili. Taipureta haikuwepo. Mwenye nyumba, mwanamke aliyeitwa Spéciose, alikuwa ameshika mwiko.

"Mama Kaliza," Silvère alimwambia mkewe, "nilikuwa njiani kurudi."

"Maji," Vestine alisema. Akanywa vikombe viwili, ndipo akamgeukia Spéciose. "Karafuu imezidi. Na pilipili, toa mbegu."

"Kumbe inaunguza wewe?"

"Mimi."

"Pole, mama. Huyu anasema kila siku haina kitu."

Kwa kuwa ulimi ulikuwa wake, Vestine alimweleza yote, tangu bizari hadi karanga. Ndani ya basi la kurudi alilia, na safari hii si kwa pilipili.

Alhamisi iliyofuata Silvère alikwenda Gisimenti kama kawaida. Vestine hakwenda kwaya; saa saba ilimkuta akifua. Joto lilikuja polepole, likafuatwa na tangawizi, kisha karanga. Alikubali, akikamua shuka la mumewe, kwamba yule mwanamke anasikia akiambiwa.

Jioni Silvère alirudi, akaonja chakula cha nyumbani, akasukuma sahani.

"Siku hizi chakula iko na ladha moja kila mahali," alisema.