Vidonge vya Waliotangulia

Kila jioni, Kadidja mwenye nyumba akishakunja mkeka wake wa swala ya magharibi, Vumilia alimeza kidonge kimoja cha manjano kwa maji ya uvuguvugu, bila maziwa. Jumatatu na Alhamisi aliongeza kile kikubwa cheupe cha kuzuia maambukizi. Ijumaa vilikuja vile vidogo vinane, ambavyo muuguzi alimwambia mara tatu kwamba ni vya Ijumaa peke yake, kwa sababu ukivimeza kila siku vinaua. Alikuwa na saratani ya damu. Miezi saba ya dripu ilikuwa imekwisha, nywele zimeanza kuota upya, na sasa vilibaki vidonge, kwa miaka miwili. Mumewe, Gervasi, ambaye kama yeye alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, alibaki Mwakiro akilima. Vumilia alipanga chumba kwa Kadidja, mshona nguo wa mtaa wa Yoba, ili awe karibu na hospitali ya Gitega.

Mwezi wa nne kidonge cha manjano kikakosekana. Josephat, mtu wa famasi, alimwonyesha rafu tupu.

"Iko rupture, mama," alisema. "Rudi lundi."

Alirudi Jumatatu tatu. Daktari alikuwa amemweleza wazi kwamba akiacha, ugonjwa utarudi, na ukirudi utakuwa mkaidi zaidi.

Jumatatu ya tatu, aliporudi mikono mitupu, alimkuta Nazario ameketi barazani. Nazario alikuwa mkulima wa Ryansoro; walikuwa wakitundikiwa dripu siku moja, chumba kimoja. Alifariki mwezi wa pili na Vumilia alihudhuria mazishi yake. Alikuwa amevaa ile suti ya kijivu aliyozikwa nayo. Kadidja alikuwa amempa kiti, kisha akaendelea kushona.

Nazario aliuliza habari za homa. Akatoa pakiti mfukoni.

"Mi nilibakisha kumi na moja," alisema. "Kule hazina kazi."

Vumilia alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Jioni alimpigia mumewe simu. Gervasi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: tarehe ya kuharibika imepita? Haikuwa imepita.

Vilipokwisha alikuja mwalimu mmoja wa kike na vidonge ishirini. Baada yake, askari mstaafu na vinne, kisha wengine. Wagonjwa wengine wa Gitega nao walikuwa na wageni wao. Kwenye foleni ya vipimo waliulizana nani ameletewa na nani, na marehemu huyo ametokea kijiji cha kilima gani. Damu ya Vumilia ilikaa sawa.

Mwezi wa nane alikuja Happy, mtoto wa miaka sita, katika gauni jeupe lililompwaya. Vidonge vyake vilikuwa nusu nusu, vimekatwa kwa wembe na kufungwa katika karatasi ya daftari. Vumilia hakunyosha mkono. Alichuchumaa wakawa uso kwa uso, akamuuliza kwa nini vilikatwa. Mtoto alieleza kwamba daktari aliandika kizima, ila mama yake alikuwa akimpa nusu, visije vikaisha haraka.

"Na viliisha?"

"Hapana," alisema Happy. "Mi ndiye niliyeisha kwanza."

Kadidja alisimamisha cherehani. "We pokea," alimwambia Vumilia. "Ukikataa, huyu atazirudisha wapi?"

Jioni ile alimeza nusu mbili. Alilia kidogo, akanawa uso, akaenda kulala.

Asubuhi alikwenda kwa Josephat akamweleza yote: kwamba wanaishi kwa mabaki ya watu waliokufa wakimeza dawa hiyohiyo, na kwamba ili mmoja aendelee kumeza, lazima mwingine afe akiwa amebakisha. Josephat alikuwa mtu mwema. Aliandika barua ya kurasa mbili, yenye majina na tarehe, akaituma kwa wakubwa wanaogawa dawa. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Walishukuru kwa taarifa. Kwa kuwa wagonjwa wa Gitega wanapata dawa kwa njia nyingine, walisema, mji huo umeondolewa kwenye orodha ya wenye uhitaji wa haraka. Josephat alimsomea barua hiyo mara mbili. Akamwomba radhi.

Marehemu wakaendelea kuja. Miaka miwili ikatimia, daktari akapima damu, akamwambia Vumilia sasa aache dawa, amepona, awe tu anarudi kupimwa. Alirudi Mwakiro na vidonge tisa vilivyosalia. Kuvitupa hakuweza. Aliposikia kwamba mjini Muyinga kuna fundi viatu aitwaye Zuberi ambaye mkewe, Aisha, ana ugonjwa uleule, alivifunga kwenye leso, akaenda.

Zuberi alimkaribisha, akapokea vidonge kwa heshima.

"Pole, mama," alisema. "We ulifariki lini?"

Vumilia alijibu kwamba hajafariki. Amepona, ametoka Mwakiro asubuhi hii kwa baiskeli. Zuberi akamwita mkewe. Aisha alitoka, mtandio umefunika kichwa kisicho na nywele, akavigeuzageuza vile vidonge. Kwa miezi minne alikuwa akiletewa, na hakuwahi kuletewa na mtu aliye hai. Aliuliza kwa adabu kama vya wazima vinafanya kazi sawasawa na vile vingine.

"Ni vilevile," alisema Vumilia.

Aisha akaridhika, akaviweka mbali na vile vya Ijumaa, visichanganyike. Vilimtosha siku tisa. Siku ya kumi aliletewa vingine na mwanamume aliyekuwa amezikwa Jumamosi.