Mstari wa Arobaini na Moja

Miaka ishirini na miwili Profesa alitamba na uthibitisho wake mmoja wa hisabati, na kila aliyeuliza mstari wa arobaini na moja umetoka wapi alijibiwa vilevile: "Ni dhahiri, labda kama huna akili." Mhadhiri, ambaye sasa walifundisha idara moja, aliwahi kuuliza, enzi hizo akiwa mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza. Darasa zima lilivunjika mbavu.

Siku ya kumuaga Profesa alipostaafu, ni Mhadhiri huyo aliyejitolea kuuingiza uthibitisho ule kwenye kompyuta, programu iukague hatua kwa hatua mbele ya wageni.

"Zawadi yako, Mwalimu," alisema, akabonyeza.

Mstari mmoja mmoja ukageuka kijani. Mke wa Profesa akapiga makofi. Programu ilipofika wa arobaini na moja, ikagoma, nyekundu: hatua haijathibitishwa.

"Iambie ni dhahiri," Profesa alisema, akacheka peke yake.

"Haijui dhahiri, Mwalimu. Tueleze wewe."

Profesa alishika kalamu, akaandika ubaoni, akafuta, akaandika tena. Wageni wakajifanya wanatafuta kitu mifukoni.

"Baba watoto," mkewe alisema kwa sauti ya chini, "twende nyumbani."

Mhadhiri alimvalisha Profesa koti, akamsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote. Kisha akarudi kwenye kompyuta, akafungua faili lake la kurasa sita za kuuthibitisha mstari wa arobaini na moja, zilizomtoa jasho mwaka mzima. Zote zilikuwa kijani. Mstari ule ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Akalifuta faili, akauliza nani hajapata keki.