Zamu ya Mama Kiptum

Mimi ndiye niliyetumwa kuchukua vikombe, na nilikubali haraka mno. Nalisema wazi kwa sababu bado linaniudhi.

Ushirika wetu wa akina mama, hapa karibu na Silibwet, una vikombe kumi na viwili na birika moja kubwa. Kila Jumatano vinatangulia kwenye nyumba yenye zamu, ndani ya gunia la unga, ili Alhamisi, siku ya maombi, mwenyeji asihangaike. Safari hii zamu ilikuwa ya Chemutai. Mumewe tulimzika Februari. Mwezi wa nne mvua ya mawe ikachanachana chai yake hadi vikabaki vijiti vitupu. Halafu, wiki tatu zilizopita, radi ikampiga na kumuua Kiptum, mwanawe wa pekee, akiwa shambani.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba boma lile lina laana. Shemeji yake akataka wazee waje na kondoo walitakase boma. Chemutai akakataa. Monicah, mwenyekiti wetu, akaamua kwamba hatutaingia pale mpaka boma litakaswe, na zamu ihamie kwake. Mwenyekiti wa ushirika wa kanisa! Na mimi katibu nikaandika tu.

Nilimkuta Chemutai uani, anasugua vikombe kwa majivu. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mala yenye vumbi la mkaa, kilikuwa tayari kando yake.

"Chamgei, Chemutai."

"Chamgei." Hakuinua macho. "Hata wewe, Mama Shirley? Siku hizi hakuna mtu ananiita Mama Kiptum. Mnaogopa nini? Mimi bado ni mama yake."

Aibu ilinishika. Nikajikokota hivyo hivyo mpaka nikamaliza ujumbe niliotumwa. Alisikiliza wote, akasuuza kikombe kingine.

"Mimi nilioshwa na damu ya Yesu," akasema. "Ya kondoo wa shemeji itaongeza nini? Na sikudanganyi, na Mungu tunagombana. Kila asubuhi namuuliza kwa nini Kiptum. Hajanijibu. Lakini siendi kwa mwingine."

Akanisukumia gunia.

"Beba vikombe. Kesho saa nane nitaomba hapa, hata kama ni mimi peke yangu."

Hakulia. Mimi ninayelia kuku akikanyagwa na bodaboda nilimtazama mwanamke yule, na sijawahi kumheshimu mtu namna ile, hata pasta wetu. Nikalikunja gunia, nikalikalia.

"Nipe maziwa," nikasema.

Nikanywa kikombe kizima. Kisha nikampigia Monicah simu nikiwa pale pale.

"Vikombe viko kwa Mama Kiptum na havitoki. Ukitaka chai kesho kwako, wape watu wanywe kwa viganja."

Nikakata kabla hajajibu. Nina hasira za karibu, nakiri.

Kesho yake saa nane tulikuwa wawili tu, na vikombe kumi na viwili mezani. Chemutai akaanzisha wimbo kwa sauti kubwa, kana kwamba nyumba imejaa. Tulikuwa ubeti wa tatu nilipoona miavuli ikishuka kwenye kijia kati ya michai. Wakaja wote, Monicah akiwa wa mwisho.

Mimi ningewasema mpaka jioni. Chemutai aliwapa viti. Akaziombea nyumba zao kwa majina, akianza na ya Monicah, kwamba radi ipite mbali na watoto wake. Kisha akamimina mursik.

Monicah alikishika kikombe chake muda mrefu. Sote tulimtazama, wala hatukujificha. Mwishowe akanywa, akajifuta mdomo, akakinyoosha kikombe kitupu.

"Niongezee," akasema. "Niongezee kidogo, Mama Kiptum."

Hapo ndipo Chemutai alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mwanawe, huku akimimina.